Wakitaka kugeuza njia yenu ya miguu iwe ya baiskeli pia, fanyeni hivi

Kama umetoka nyumbani asubuhi ukapata watu wawili wa reflekta wanapima ile njia mnayotembea kila siku, wameshachora mistari myeupe chini, na ukiwauliza wanakwambia tu ati itakuwa ya watu na baiskeli pamoja, basi soma hii yote kabla hujaenda kugombana na mtu. Sisi yalitupata huku Eastlands, Nairobi, njia ya kando ya mto, ile inapitwa na watu wa kwenda kazi Industrial Area kabla jua halijatoka, watoto wa shule, kina mama wa kutoka soko na mzigo mgongoni, na jioni wazee wanaonyoosha miguu kwa sababu hakuna mahali pengine pa kutembea bila gari kukupumulia shingoni. Tulianza tumechelewa na kuna vitu tulijifunza kwa uchungu, sitaki wengine wapitie hiyo.

Kwanza kabisa kaeni chini mkubaliane mnapinga nini. Msipinge baiskeli. Mtu wa baiskeli Nairobi ndiye analeta mkate kwa kiosk, maziwa, mtungi wa gesi, na yeye pia anasukumwa na matatu kila siku na hana pa kwenda. Shida ni kwamba wakitafuta nafasi yake wanaikata kutoka kwa mtu wa miguu, wakati barabara pale kando ina gari zimepakiwa pande zote mbili na hakuna anayezigusa. Mkisema "hatutaki baiskeli" mtaonekana wabaya na mtapoteza watu ambao wangewasaidia, lakini mkisema "baiskeli ipewe nafasi yake, na sisi tuachiwe yetu", hata jamaa wa baiskeli watakuja mkutanoni wakae upande wenu. Kwetu walikuja wawili na ndio waliongea vizuri kuliko sisi wote.

Halafu jueni hesabu yenu, hata mtoto aweze kuieleza. Mtu akitembea anaenda kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ya kilomita 18 kwa saa, na hiyo si mbio, inakata mita 5 kila sekunde. Sasa njia ikiwa na upana wa mita 2, baiskeli na kuyumba kwake inataka kama mita 1, inabaki mita 1, hapo mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine kwa mkono anapita wapi? Na mtu asiyeona, anayetembea na fimbo nyeupe, anasikia gari ikija lakini baiskeli haina sauti.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa ramani hawaliweki kwenye ramani, bodaboda. Njia ikishalainishwa ikapanuliwa kidogo, wiki ya pili bodaboda ziko ndani, sote tunajua. Watawaambia wataweka vigingi vya chuma mwanzoni mwa njia. Waulizeni hivi: kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 90 kupita, usukani wa pikipiki ya kawaida ni kama sentimita 75 hadi 80, sasa kigingi gani kitapitisha kiti na kizuie pikipiki? Hakuna. Hili swali liulizeni mbele ya watu na mwombe jibu liandikwe.

Sasa makaratasi. Tafuteni mwenye mradi ni nani, juu mkipeleka barua ofisi siyo mtazungushwa miezi. Barabara kubwa za mjini ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), haiwei ziko KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), na njia nyingi za mitaani ni za kaunti, na ukiona ubao wa mradi piga picha siku hiyo hiyo kwa sababu huwa unang'oka. Halafu mwandikie barua ya kuomba habari. Katiba Kifungu cha 35 inakupa hiyo haki, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ofisi ikujibu ndani ya siku 21, wanaweza kuongeza 14 mara moja tu, na unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, si lazima Kiingereza. Ombeni vitu vinne: michoro yenye vipimo, bajeti na jina la kontrakta, ripoti ya mazingira kama iko, na ushahidi kwamba wananchi waliulizwa, yaani tarehe, mahali na kumbukumbu za mkutano. Bebeni kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Bila huo muhuri hamjaandika kitu. Siku zikiisha kimya, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, mna siku 30.

Na kama mradi bado ni uvumi tu, bora zaidi. Kaunti inatakiwa kuweka mpango wake wa maendeleo wa mwaka mezani kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa bajeti 28 Februari, na makadirio 30 Aprili. Kitu ambacho hakijaingia hapo ni rahisi kukisimamisha, kikishaingia na kontrakta ameshalipwa malipo ya kwanza unaongea na mtu ambaye roho yake iko kwingine.

Sasa kuhesabu watu, na hapa ndipo naomba mtumie nguvu zenu nyingi. Sisi tulienda mkutano wa kwanza na hasira, tukasikizwa kwa heshima, tukarudi nyumbani bila kitu. Mkutano wa pili tulienda na daftari. Chukueni daftari la kawaida la shule, chora ukurasa kwa vipande vya dakika 15, na kwa kila kipande uweke safu: mtu mzima, mtoto wa shule, mzee mwenye fimbo, mtu mwenye mzigo, mama mwenye mtoto, kiti cha magurudumu, baiskeli, mkokoteni, bodaboda. Kila anayepita unapiga mstari mmoja. Hesabuni kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, tena saa kumi na moja jioni hadi saa moja, siku ya kazi mbili na Jumamosi moja, na watu wawili wahesabu pamoja bila kuangaliana halafu mlinganishe, ndio mtu asije akasema mmebuni. Msifiche baiskeli hata kama ni nyingi. Mkionekana mlificha kitu kimoja, daftari lote limekufa. Na hesabu siku ya mvua pia, juu siku ya matope watu wote wanajibana upande mmoja na hapo ndipo utaona venye mita 2 ni kidogo. Pimeni upana na tepu ya fundi kila baada ya mita 50, andika pale penye nguzo ya stima, mti, shimo la mtaro, kwa sababu upana wa kwenye mchoro ni upana wa karatasi, wenu ni wa kweli. Picha pigeni, lakini sura za watoto msiweke kwa grupu.

Ombi lenyewe liwe fupi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti na pia kwa kaunti yenyewe, kwa hivyo andikeni mawili, moja kwa karani wa bunge, lingine kwa afisa wa usafiri, na kopi kwa MCA wenu (mwakilishi wa wadi) na msimamizi wa wadi. Mnaweza kuanza hivi:

"Sisi wakazi na watumiaji wa njia ya (jina), tunaomba isigeuzwe kuwa njia ya pamoja ya miguu na baiskeli. Upana wake ni mita (…) mahali pembamba zaidi. Tarehe (…) tulihesabu watu (…) kwa saa mbili, kati yao watoto (…) na wazee (…). Tunaomba baiskeli zitengewe nafasi kwenye barabara iliyo kando, na tunaambatisha mchoro."

Ongezeni Kifungu cha 54 cha Katiba, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali, na Kifungu cha 57 cha wazee. Ongezeni pia kwamba Nairobi ina sera ya usafiri usio wa injini tangu 2015, iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa watembeaji na baiskeli. Maana yake ni kwamba pesa ya kutengeneza njia mbili inafaa kuwa iko, hakuna haja ya kubana watu wote kwa moja. Karatasi za sahihi zikiwa na namba za kitambulisho zishikwe na mtu mmoja mnayemwamini, zisipigwe picha zikatumwa huku na huku.

Mkutano wa wananchi. Nendeni mapema mkae mbele. Chagueni watu watatu wa kuongea, kila mmoja kitu kimoja, na mmoja wao awe mtu ambaye njia inamuumiza yeye mwenyewe, kwetu alikuwa mzee wa miaka 70 na kitu ambaye alisimama akaeleza tu safari yake ya kwenda kuchukua dawa, hakupaza sauti, na injinia aliacha kuangalia simu. Na sikieni hii vizuri: karatasi ya mahudhurio someni kichwa chake kabla ya kusaini. Kuna ofisi ilichukua orodha yetu ya waliohudhuria ikaambatisha kwa ripoti kama ushahidi kwamba wakazi walikubali, na sisi tulikuwa tumeenda kukataa. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu akisaini anaandika kando ya jina "NAPINGA", na tunapiga picha ukurasa. Mahakama ya Juu ilishasema katika kesi ya mwaka 2019 kwamba kushirikisha wananchi lazima kuwe kwa kweli, kwa hivyo mkutano ulioitwa jana jioni ufanyike leo asubuhi unapingwa.

Msiende bila pendekezo. Chukua karatasi uchore barabara ya kando, toa safu moja ya gari zilizopakiwa, weka baiskeli hapo na ukingo wa zege katikati. Hauhitaji kuwa mchoro mzuri. Ofisi ikiwa na kitu cha kuchagua inaweza kubadilisha nia bila kuonekana imeshindwa.

Watawaambia plani imeshapita. Mwaka 2020 barabara ya juu ya Nairobi (Expressway) ilikuwa imeshaanza kujengwa, na ule mti wa mugumo wa Waiyaki Way wenye zaidi ya miaka 100 ulikuwa uondolewe, watu wakasema la, na Novemba mwaka huo amri ya rais ikauokoa. Na 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park alianza na barua tu, akauliza, akapeleka kopi kila mahali, akatukanwa hadi bungeni, na leo Uhuru Park haina hilo jumba.

Mkiamua kuandamana, mpeni OCS (mkuu wa kituo cha polisi) notisi siku 3 hadi 14 kabla. Kama NEMA (mamlaka ya mazingira) imetoa leseni na hamkubaliani, kuna jopo la rufaa la mazingira na mna siku 60, msizipoteze, na zaidi ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapo tafuteni wakili.

Kwetu mistari myeupe ingalipo, imefifia, baiskeli wamechorewa nafasi barabarani kwa nusu ya urefu na nusu nyingine bado tunadai. Tunahesabu kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na daftari linakaa kwa kibanda cha mama mboga karibu na daraja, ukitaka zamu ya asubuhi mwambie akuandike.