Kutoka Arusha au Moshi hadi Unguja kwa boti: mwongozo kwa familia inayovuka bahari mara ya kwanza

Kuvuka bahari kwenyewe ni kama saa mbili tu kwa boti ya kasi. Kinachoharibu safari ya familia inayotoka huku kaskazini mara nyingi si mawimbi. Ni cheti cha kuzaliwa kilichobaki kabatini nyumbani Sakina, Arusha, tiketi ya boti ya asubuhi iliyokatwa bila kufikiria basi litafika saa ngapi, au mtoto aliyeshiba chipsi mayai usiku kisha akakabidhiwa simu aangalie katuni baharini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ifanyike nyumbani, wiki mbili kabla ya kuondoka.

Tarehe kwanza, tiketi baadaye

Pwani ina pepo mbili zinazotawala mwaka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika baada ya masika, likipamba moto kati ya Juni na Agosti. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia kusi, yaani wakati ambao mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka zaidi. Hakuna haja ya kuahirisha, ila chagua boti ya asubuhi, kwa sababu upepo huelekea kuongezeka kadiri jua linavyopanda. Pia jua kwamba wakati wa kusi, kurudi Dar kunaweza kutikisa kuliko kwenda. Ukienda, upepo unawasukuma kwa nyuma. Ukirudi, boti inayakabili mawimbi uso kwa uso.

Siku moja kabla, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Taarifa ikitaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tegemea boti kuchelewa au safari kusitishwa. Ikisitishwa, usibishane na mtu wa dirishani. Omba tiketi yako ihamishiwe siku nyingine na utafute pa kulala.

Desemba ina hesabu yake, na watu wa Moshi wanaijua. Kabla ya Krismasi mabasi ya kushuka Dar huwa na nafasi, kwa kuwa umati unapanda kuja nyumbani. Familia inayokwenda Unguja tarehe 15 itashuka raha mustarehe, halafu ikwame Dar tarehe 22 ikitafuta kiti cha kurudi. Mambo hugeuka mwanzoni mwa Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Kwa hiyo kata tiketi ya basi la kurudi kwanza, kisha boti, na basi la kwenda liwe la mwisho. Boti nazo hujaa wakati wa Idd, Pasaka na siku zinazozunguka Mapinduzi, 12 Januari.

Tiketi ya boti kata katika ofisi ya kampuni husika au kwenye tovuti yake. Usimpe hela kijana anayekufuata nje ya geti la bandari akikwambia zimeisha, anazo yeye. Andika majina yote matatu ya kila msafiri kama yalivyo kwenye kitambulisho, watoto wachanga wakiwemo hata kama hawalipi kiti. Hili si urasimu mtupu. Meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa na watu wengi kupita kiwango chake, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwemo. Familia zilibaki bila jibu la uhakika.

Muda kwenye tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, na 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Mwambie bibi kwa mdomo, usimtumie picha ya tiketi peke yake.

Karatasi

Kila mtu mzima awe na kitambulisho halisi mkononi: cha Taifa, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Mtoto atumie cheti cha kuzaliwa. Nakala huwa inapita, lakini cheti chenyewe kinamaliza ubishi kuhusu umri, na umri ndio unaoamua nauli. Mtoto akisafiri na shangazi au mjomba bila wazazi, wazazi waandike barua fupi yenye namba zao za simu na nakala za vitambulisho vyao.

Anayesahaulika karibu kila mara ni dada wa kazi. Anaambiwa usiku wa mwisho kwamba anakwenda, na alichonacho ni namba ya NIDA kwenye karatasi iliyochakaa. Muulize mapema, kisha mchapishie taarifa zake vizuri.

Kama kuna mkwe au rafiki asiye Mtanzania, nauli yake ni tofauti. Aje na pasipoti yake. Tangu 1 Oktoba 2024 wageni wengi kutoka nje ya nchi hutakiwa pia kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayonunuliwa mtandaoni kabla ya kufika. Bima yake ya safari ya kwao haichukui nafasi ya hii.

Kushuka Dar

Kutoka Moshi hadi Dar ni takriban kilomita 560, na Arusha unaongeza kama 80. Basi la alfajiri litakufikisha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, jioni, wakati boti za mwisho zinaondoka au zimeshaondoka. Basi la usiku hufika alfajiri, na kwenye karatasi linaonekana kuunganisha vizuri na boti ya saa 1:00 asubuhi. Usilikubali wazo hilo ukiwa na watoto. Pancha moja Mombo au foleni ya kuingia mjini inatosha kuifuta tiketi. Ukisafiri usiku, boti ya kwanza unayopaswa kuifikiria ni ya saa 6:30 mchana. Lililo bora ni kushuka mchana, kulala Dar usiku mmoja, na kupanda boti ya asubuhi watoto wakiwa wamelala usingizi wa kitandani. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko ya tiketi sita zilizopita muda.

Mbezi hadi mjini ni takriban kilomita 25, na asubuhi ya siku ya kazi barabara hiyo huweza kula saa moja na nusu. Tafuta chumba upande wa Posta, Kisutu au Kariakoo, usilale Mbezi.

Sasa, kosa linalowagharimu wageni wa jiji: kumwambia dereva “nipeleke feri”. Feri kwa mtu wa Dar ni kivuko cha Kigamboni, pale Kivukoni karibu na soko la samaki. Boti za Zanzibar ziko pengine, barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph. Umbali si mkubwa, lakini ukiwa na mabegi manne, mtoto mgongoni na dakika ishirini zilizobaki, utauona. Mwambie dereva “boti za Zanzibar, mbele ya kanisa la Mtakatifu Joseph”. Kwa mwendokasi, teremka Posta ya Zamani, usiende hadi mwisho wa njia.

Fika saa moja na nusu kabla ya boti kuondoka. Kuna ukaguzi wa vitambulisho, mashine ya mizigo na foleni, na geti hufungwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi. Mpagazi atalikamata begi lako kabla hujazima simu, kwa hiyo kubalianeni bei kwanza, kwa begi na si kwa jumla, na mtu mzima mmoja atembee naye bega kwa bega.

Tumbo

Kichefuchefu cha baharini hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwili unayumba huku macho yakiona ukuta na viti vimetulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto walio chini ya miaka 2 huathirika mara chache. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka 2 hadi 12. Mtoto anayetapika kwenye kona za barabara ya Marangu atatapika baharini pia, mwekeeni mpango.

Usiku wa kuamkia safari wale chakula cha kawaida kisicho na mafuta mengi. Asubuhi msiende na njaa, kwani tumbo tupu nalo husumbua. Uji mwepesi, mkate mkavu au ndizi mbivu moja vinatosha, viliwe angalau saa moja na nusu kabla. Maziwa, supu ya utumbo, sambusa na soda zingoje Unguja. Chai ya tangawizi isiyo nzito huwasaidia baadhi ya watu, ingawa si mbadala wa dawa kwa anayeumwa kweli.

Dawa hushindwa kwa sababu moja kubwa: kumezwa baada ya kichefuchefu kuanza. Cinnarizine kwa mtu mzima ni miligramu 30 saa mbili kabla ya safari, na mtoto wa miaka 5 hadi 12 hupewa nusu yake. Boti ikiwa saa 3:30, dawa ni saa 1:30. Promethazine asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumdhoofisha kupumua. Zote huleta usingizi. Nunua Moshi au Arusha, mweleze mfamasia umri, uzito na dawa nyingine anazotumia mtoto. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa kudumu amuone daktari kwanza.

Mkoba wa mkononi uwe na hivi: maji, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, khanga mbili, nepi, karatasi laini, pakiti mbili za ORS, na kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Wahudumu hugawa mifuko ya kutapikia, lakini mtoto hasubiri mhudumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiitegemee, imepigwa marufuku pande zote mbili. Tia na sweta. Mtu wa Arusha huliacha nyumbani akiamini anakwenda kwenye joto, halafu anakuta kiyoyozi cha ndani ya boti kikali kama Julai ya Ngaramtoni.

Ndani ya boti

Daraja la kawaida kwa kawaida hukaa aliyewahi, hivyo ingieni pamoja na msisite mlangoni. Viti vinavyoyumba kidogo zaidi viko chini, katikati ya boti kuelekea nyuma kidogo. Mbele ndiko kunakopanda na kushuka, na juu ndiko kunakopepesuka. Watoto hupenda juu nje kwa sababu ya upepo na mandhari, na hewa safi ni kweli inasaidia, lakini nyuma kabisa moshi wa injini unarudi puani na kumaliza faida yote. Mtoto akianza kupauka, kutoa jasho jembamba na kupiga miayo, usingoje. Mtoe nje kwa kumshika mkono, aangalie mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, anywe maji kwa funda ndogo. Simu zote zizimwe au ziwekwe mkobani hadi minara ya Mji Mkongwe ionekane. Hapa msiwaonee huruma.

Kabla boti haijaondoka, fanyeni mambo matatu. Tafuta yaliko maboya ya kuvaa na umuulize mhudumu ya watoto yako wapi. Boya la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akiwa majini, hivyo la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, ni lazima. Hesabu safu za viti hadi mlango wa karibu. Kisha gawaneni watoto kwa majina: huyu wa baba, hawa wa mama, mdogo wa dada. “Tutawaangalia wote” maana yake hakuna anayemwangalia yeyote. MV Skagit, chombo kilichowahi kubeba abiria katika maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani, ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katikati ya kusi. Ukiona chombo kimejazwa hadi watu wanasimama njiani, shuka. Hasara ya nauli inavumilika.

Mkifika bandari ya Malindi, Unguja, subirini umati upungue ndipo msimame. Msukumano wa kushuka huwaangusha watoto kuliko mawimbi. Vitambulisho viwe mkononi, maana vinaweza kuangaliwa tena. Mkishuka mwezi wa Ramadhani, watoto wale na kunywa ndani ya hoteli, si barabarani.

Kurudi

Boti ya saa 1:00 asubuhi kutoka Unguja inawafikisha Dar kama saa 3:00, na Mbezi kabla ya saa 6 mchana ikiwa barabara ni nzuri. Mabasi mengi ya kaskazini yameshaondoka. Kateni la mchana au la usiku mapema, au laleni tena. Vitu vipya vilivyonunuliwa Unguja, hasa televisheni na vifaa vya umeme ndani ya maboksi, huulizwa na maofisa wa forodha bandarini Dar, na huenda vikatozwa kodi. Risiti ziwe juu ya begi, na piga hesabu hiyo kabla ya kuamini kwamba ni bei rahisi.

Mtoto aliyekulia Arusha mjini hana kinga kubwa ya malaria, na usiku mmoja wa Dar bila chandarua unatosha. Akipata homa kuanzia siku ya 7 tangu mlipofika pwani hadi miezi mitatu baada ya kurudi, mpelekeni apimwe siku hiyohiyo na mtaje kwamba alikuwa pwani, kwa sababu daktari wa huku anaweza kuanza kwa kufikiria mafua.