Mpira wa mkojo: namna ya kuuzuia utando wa bakteria, wodini na nyumbani

Mpira wa mkojo, yaani katheta, mrija mwembamba wa kutolea mkojo, ukishaingia kwenye kibofu, protini za mkojo hujipaka juu yake, na bakteria anayefika hukuta pa kushika. Akishashika huzaana, hutoa uteute wa sukari na protini, na kundi zima hujifunika humo. Huo ndio utando wa bakteria, ambao wataalamu huuita biofilmu. Ni jamaa wa ule utelezi unaoshika ubavu wa dau lililokaa majini siku chache: ukimwagiwa maji unabaki palepale, mpaka uparuzwe. Na ndani ya mrija wenye upana wa milimita chache hakuna brashi inayofika.

Dawa nazo haziufikii vizuri. Bakteria walio chini ya utando hukua polepole mno, wengine ni kama wamelala, na antibiotiki nyingi huua bakteria anayekua. Ndiyo maana bakteria anayekufa kirahisi akielea kwenye mkojo huweza kustahimili dozi mara mamia, hata mara elfu, akiwa ndani ya utando. Mgonjwa hupewa vidonge, mkojo hutakata, kisha homa inarudi na bakteria waliobaki ni wale sugu. Kwa hiyo utando hautibiwi ukiwa juu ya mpira. Unacheleweshwa, na ukishaleta ugonjwa unatolewa pamoja na mpira wenyewe.

Je, mpira unahitajika leo?

Kila siku mpira unapokaa, wagonjwa 3 hadi 7 kati ya 100 huingiwa na bakteria kwenye mkojo. Ukifika mwezi, karibu kila mmoja anao. Hakuna usafi unaoshinda hesabu hiyo, ila kuutoa mpira mapema. Swali la kila asubuhi wodini liwe: huyu bado anauhitaji kwa sababu gani? Mkojo uliozuilika ni sababu. Kupima mkojo wa mgonjwa mahututi ni sababu. Mzee kukojoa kitandani, peke yake, si sababu; nepi na kumgeuza mara kwa mara ni salama zaidi. Baada ya upasuaji, wengi wanaweza kutolewa mpira ndani ya saa 24.

Kuuweka

Hii ni kazi ya muuguzi au daktari, kwa glavu na vifaa vilivyotakaswa. Mwanamume mtu mzima atoshewe na saizi 14 au 16, mwanamke 12 au 14. Mpira mnene hausaidii mkojo kutoka vizuri. Unakwaruza njia na kuwapa bakteria pa kushika. Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo linaloushikilia kibofuni. Kwa mwanamume usijaze puto kwa kuona tone la kwanza la mkojo: sukuma mpaka kwenye panda ya mpira, pale unapogawanyika mara mbili, ndipo ujaze. Kwa mwanamke, ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, uache hapo uwe alama, uchukue mwingine mpya, kisha utoe ule wa kwanza.

Puto hujazwa maji yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10, au kiasi kilichoandikwa kwenye mpira. Usitumie maji ya dripu yenye chumvi. Chumvi ikiganda huziba kijia cha puto, na siku ya kutoa, puto hukataa kutoa maji. Mwisho ufunge mpira pajani kwa plasta, na kilegezo kidogo. Mpira unaoingia na kutoka kila mgonjwa akigeuka hupandisha bakteria wa nje kuelekea kibofuni.

Mfuko, mrija na koki

Bakteria wana njia mbili: nje ya mpira, kutoka kwenye ngozi na haja kubwa, na ndani ya mpira, kutoka kwenye mfuko. Njia ya pili iko mikononi mwetu kabisa. Mfuko na mpira visitenganishwe bila sababu. Mahali pa kuungana pakifunguliwa mara moja, hata kwa dakika, bakteria wa vidole wameshaingia.

Mfuko ukae chini ya kibofu saa zote, usiguse sakafu. Kitanda cha kamba kilicho chini kinasumbua hapa: funga mfuko ubavuni kwa kulabu au kamba, na ukikaribia sakafu uweke ndani ya beseni safi. Hatari kubwa kwa watu wa visiwani ni safari. Mgonjwa akishushwa kwenye boti gatini, anayemsaidia huchukua mfuko na kumwekea juu ya tumbo, au mapajani akipanda punda. Mkojo uliokaa mfukoni saa nyingi, umejaa bakteria, hurudi kibofuni kwa dakika hizo chache. Kabla ya safari mwaga mfuko wote. Wakati wa kupanda na kushuka bana mrija kwa kibano, na akishakaa fungua mara moja. Kibano kilichosahauliwa hujaza kibofu.

Kosa jingine ni kuchomoa mfuko na kuziba mpira kabla ya swala. Suala la twahara ya mwenye udhuru aulizwe shehe, lakini mfuko usichomolewe. Umwagwe, basi.

Mwaga mfuko ukifika theluthi mbili, au kila saa 8. Nawa mikono, vaa glavu, fungua koki bila kuigusisha kwenye jagi, funga, ifute kwa pamba ya spiriti. Kila mgonjwa awe na jagi lake. Wodini jagi moja likizunguka vitanda sita, utando wa kitanda cha kwanza umegawiwa wote.

Na jagi lenyewe hujenga utando. Suuza mkojo wote kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayochoma kifua. Kisha sugua kwa brashi na sabuni, usuuze tena. Ndipo uloweke dakika 10 kwenye klorini ya 0.5%: kama ya dukani ni 3.5%, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Klorini ikimiminwa juu ya utelezi ambao haujasuguliwa huishia kwenye uteute, na bakteria wa chini hubaki hai. Kausha jagi likiwa limefudikizwa.

Kuosha na kunywa

Osha sehemu za siri mara moja au mbili kwa siku na kila baada ya haja kubwa, kwa sabuni na maji safi tu, ukifuta mpira kutoka mwilini kwenda nje. Dawa za kuua vijidudu hapa hazileti faida zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri; ya jabia, yaani birika la maji ya mvua, ni laini, lakini bakteria aitwaye Pseudomonas hupenda maji yaliyotuama. Yachemshe, yafunike, yapoe.

Anywe lita 1.5 hadi 2 kwa siku kama moyo na figo zinaruhusu, na maji ya ndimu yawemo. Sababu yake ni Proteus mirabilis, bakteria mbaya kuliko wote kwenye mpira. Huvunja urea kuwa amonia, mkojo hupoteza uchachu, na madini ya magnesiamu na kalsiamu huganda ndani ya utando kama mawe. Maji mengi yenye sitreti, iliyomo kwenye ndimu, huchelewesha kuganda huko. Mtambue Proteus mapema: shika mpira uviringishe kati ya vidole viwili, karibu na mwili. Ukihisi chenga kama mchanga, na mkojo unanuka amonia kali, mpira unakaribia kuziba. Ubadilishwe sasa, hata kama tarehe yake haijafika.

Homa ikija

Homa ya 38°C au zaidi, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, au mzee kuchanganyikiwa ghafla: aende hospitali. Tumbo la chini likiuma na mfuko ukiwa mkavu, kwanza nyoosha mrija uliojikunja. Usipotiririka, aende mara moja. Aliyeumia uti wa mgongo akipata maumivu makali ya kichwa na jasho, mpira ulioziba huweza kupandisha presha yake kufikia hatari. Mkojo wenye ukungu au harufu, bila dalili, haupewi antibiotiki, isipokuwa kwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Kama mpira umekaa zaidi ya wiki 2, toa, weka mpya, chukua mkojo wa kwanza wa mpira mpya, ndipo uanze dawa. Ukichukua kwenye mpira wa zamani, maabara itaotesha bakteria wa utando wake; ukichukua mfukoni, itaotesha wale wa mfuko. Sampuli ifike maabara ndani ya saa 2. Kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hadi Lamu mjini saa hizo ni chache, basi iwekwe kwenye kopo lililozibwa ndani ya kasha la barafu, ambapo hudumu hadi saa 24. Juu ya kopo andika saa iliyochukuliwa na neno "mpira mpya".