Bugaluu la shangazi na rangi za kisutu

Ukitaka kuvaa kizamani, anza na albamu ya shangazi, simu baadaye. Kwenye picha za studio za miaka ya 1970 angalia kola, urefu wa mikono, mkanda umekaa wapi. Shangazi yangu kavaa bugaluu, suruali pana chini, lililofunika raizoni, viatu vya soli nene, hadi inaonekana ncha tu. (Vimini usivitafute sana humo, Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa TANU, ilivipiga marufuku Dar tangu Januari 1969.)

Rangi mimi huchukua kwenye kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Nyeusi iwe nyingi, nyekundu iwe kilemba au pochi.

Halafu nenda soko la mitumba la Karume, Dar, asubuhi, wakati marobota yanafunguliwa. Geuza nguo ndani nje, kagua mishono, panda na shusha zipu. Chungulia kwapani, doa la jasho la siku nyingi halitoki. Kiuno kikipwaya fundi atapunguza, mabega yakipwaya achana nayo. Shati bovu lenye vifungo vizuri nunua, ung'oe vifungo.

Ila bugaluu, raizoni na miwani mikubwa usivivae siku moja, utaulizwa igizo linaanza saa ngapi.