Anza na Swali la Mgeni: Namna ya Kuandika Mtandaoni na Kupata Wateja Ukiwa Zanzibar

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo wa hapa Unguja na Pemba: watembeza wageni, wenye nyumba za kulala wageni, manahodha, akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani. Karibu wote huja na ombi moja: "Niandikie kitu kizuri nikitie kwenye ukurasa wangu." Nami huwauliza kwanza: wateja wako wanakuuliza nini kabla hawajalipa?

Mtu anayetafuta safari usiku akiwa Milano au Dar es Salaam hana haja ya kusifiwa bahari yetu, picha keshaziona. Ana jambo linalomtia wasiwasi, na pesa yake ataitoa kwa atakayemwondolea wasiwasi huo. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo, na zote zinafanyika kwa simu.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kama yalivyoulizwa

Fungua WhatsApp ya biashara yako, rudi nyuma miezi kadhaa, unakili kila swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe. Usilipambe. Mteja akiandika "dada, hiyo sabuni haimuwashi mtoto?", usiligeuze likawa "usalama wa bidhaa kwa ngozi ya watoto". Alivyokuandikia wewe ndivyo atakavyoandika kwenye Google.

Maswali ninayokutana nayo mara kwa mara ni haya: Paje maji yanakupwa saa ngapi, na yakiondoka tutaogelea wapi? Tukija Ramadhani tutapata chakula mchana? Kwenda Pemba tupande boti au turuke mpaka Chake Chake? Ile bima ya lazima inalipiwa wapi? Tuvae vipi tukipita Mji Mkongwe? Wewe una leseni? Hili la mwisho usilidharau. Mgeni ameshaonywa juu ya mapapasi, yaani vijana wanaowaandama wageni mitaani kuwauzia safari, kabla hajapanda ndege, na ana haki ya kujua kama umesajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Liwekee jibu mahali panapoonekana.

Kama biashara ni changa na simu bado haina maswali, waendee wanaoulizwa kila siku: dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, mpokezi wa hoteli, muuza viungo wa Darajani. Soma pia maoni kwenye TripAdvisor kuhusu safari zinazofanana na yako, hasa ya nyota 2 na 3. Aliyetoa nyota 1 mara nyingi amekasirika tu, lakini wa nyota 3 hueleza kwa utulivu ni kitu gani hakuambiwa mapema, na hicho ndicho cha kuandikia.

Hatua ya 2: Chagua swali moja

Swali moja, ukurasa mmoja. Liandike kwenye Google kwa kutumia dirisha la faragha (incognito), ili historia ya simu yako isikupotoshe, kisha tazama maneno yanayojimalizia yenyewe unapoandika na maswali mengine yanayojitokeza chini yake. Soma kurasa tatu nne za juu. Ukiona zimejaa maneno ya jumla ya mtu ambaye huenda hata Jambiani hajafika, basi hapo una nafasi. Kugombania "hoteli za Zanzibar" na makampuni makubwa ya kuuza vyumba ni kujichosha. Gombania "kuogelea Jambiani maji yakipwa".

Hatua ya 3: Tafuta ukweli kabla ya maneno

Hapa ndipo mtu wa visiwani anapomshinda mwandishi wa mbali, na ndipo wengi wetu tunapopita haraka. Chukua hilo swali la maji. Unahitaji jedwali la maji kujaa na kupwa. Unahitaji kumweleza mgeni kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila mwendo ukichukua kama saa sita, na kwamba saa hizo husogea mbele takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa aliyoogelea Jumatatu haitamfaa Ijumaa. Unahitaji kumwambia kuwa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huondoka mbali sana, na katikati yake kuna maji mafu ambapo tofauti ni ndogo. Kisha mtofautishie pwani: upande wa mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Jambiani, mwamba uko mbali na ndani yake ni kina kifupi, kwa hiyo maji yakitoka panabaki uwanda. Nungwi na Kendwa kina kiko karibu na ufukwe, na mtu huogelea karibu wakati wote.

Mvuvi yeyote anayajua haya. Kwa kuwa kila mtu hapa anayajua, hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Nenda kawaulize. Mama anayelima mwani anafuata bamvua kwa kazi yake, atakwambia kwa tarehe za mwezi siku gani anashuka shambani na siku gani anakaa nyumbani.

Mambo ya serikali yafuate kwenye ofisi yenyewe. Bima ya lazima kwa wageni wa kutoka nje ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ukiandika habari ya namna hiyo, weka tarehe uliyoihakiki, maana bei na taratibu hubadilika na mgeni atakulaumu wewe.

Programu za akili mnemba zitakusaidia kusahihisha tahajia na kupunguza urefu. Usiziachie kazi ya kujua. Zitakupa aya laini kuhusu mchanga mweupe, aya ile ile waliyopewa majirani zako, na hazijui barabara ya kwenu inapitika vipi wakati wa masika.

Hatua ya 4: Andika, jibu litangulie

Nitaonyesha kwa mfano. Maandishi ninayokabidhiwa mara nyingi huwa hivi:

"Karibu Jambiani, pepo ya dunia! Furahia mandhari ya kuvutia na huduma za viwango vya kimataifa. Wahi sasa, ofa kabambe!"

Ningeyaandika hivi:

"Jambiani huwezi kuogelea saa zote. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na siku za mwezi mpevu huondoka mbali sana. Yakijaa, unaogelea mbele ya nyumba yetu. Yakipwa, tunakupeleka kwenye mashamba ya mwani pamoja na mama anayelima hapo. Vaa viatu, mawe yana makali. Tutumie tarehe zako, tutakutumia saa za kujaa na kupwa za siku hizo."

Wenye nyumba huogopa ile sentensi ya kwanza. Wanaona inafukuza wateja. Ukweli ni kwamba inamfukuza yule ambaye angefika, akakuta uwanda mtupu, akakuandikia nyota 2. Anayebaki anakuja akijua, na tayari ameanza kukuamini kwa kuwa umemwambia jambo ambalo wengine wamelificha. Angalia pia sentensi ya mwisho: inampa sababu ya kukuandikia leo, na sababu hiyo ni faida kwake.

Andika bei. Najua desturi ya "bei njoo faragha" imeenea, nami siikubali hata kidogo. Mteja aliyechoka kuuliza huenda kwa aliyeandika. Taja kinachoingia ndani ya bei, yaani gari, kiingilio na chakula, na taja kisichoingia. Kwa wageni wa nje andika saa kwa mtindo wa 09:00, kwa sababu ukimwandikia saa 3 asubuhi atakusubiri alfajiri.

Kama wateja wako ni Wataliano au Wajerumani, bado andika kwa Kiswahili kwanza. Ujuzi wako uko huko, na ukianza kwa lugha ya kuazima utaandika yale tu unayoweza kuyasema. Kisha mpe mtembeza wageni anayeongea lugha hiyo kila siku, akutafsirie, umlipe.

Kwa wanaouza bidhaa utaratibu ni ule ule. Ukurasa wa sabuni ya mwani ueleze mwani umetoka wapi, umechanganywa na mafuta gani, harufu ni ya karafuu au mchaichai, kipande kimoja kina gramu ngapi, na mzigo wa Dar unasafirishwaje. Usiandike kwamba inatibu ugonjwa wa ngozi kama huna ushahidi. Mtu anaweza kumwachisha mtoto dawa kwa sababu ya sentensi yako.

Kichwa cha habari kiwe lile swali lenyewe, na kisizidi herufi 60 hivi, kwani kirefu hukatwa kwenye matokeo ya Google.

Hatua ya 5: Picha

Piga mwenyewe. Kwa ukurasa wa maji, simama pahala pamoja upige yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Picha mbili hizo zinaeleza kuliko aya tatu. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, zisimalize bando la msomaji. Na omba ruhusa. Akina mama walio shambani baharini si mapambo ya ukurasa wako, na wengi hawapendi kupigwa picha. Akikataa, piga mwani.

Hatua ya 6: Mfungulie njia ya kukufikia

Tengeneza kiungo (linki) cha WhatsApp: andika wa.me, alama ya mkwaju (/), kisha namba yako ikianzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Kiweke juu na mwisho wa ukurasa. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujakitangaza.

Hatua ya 7: Kitembeze

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata chema kinahitaji miguu. Anza na walio karibu: kwenye WhatsApp Business tengeneza majibu ya haraka, ili kila anayeuliza habari za maji apate jibu fupi pamoja na kiungo cha ukurasa. Hali ya WhatsApp (Status) hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo itumie kukumbushia tu.

Sajili Wasifu wa Biashara kwenye Google, ni bure, nao ndio unaokuonyesha kwenye ramani. Baada ya safari muombe mgeni aandike maoni siku ile ile, akiwa bado na chumvi mwilini. Usimpe zawadi wala punguzo ili aandike. Google inakataza, na maoni yanaweza kufutwa. Kwenye Instagram kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakibonyezeki, kiweke kwenye wasifu wako.

Vikundi vya wasafiri vya Facebook vina manufaa makubwa ukiviendea kwa adabu. Mtu akiuliza kama Kizimkazi kuna pomboo na kitu kingine cha kuona, mjibu kikamilifu hapo hapo, umtajie na msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107. Kiungo kitie mwisho, na pale tu sheria za kikundi zinaporuhusu. Anayemwaga viungo kila mahali bila kujibu mtu hutolewa, na jina la biashara yake huchafuka naye.

Kisha toka nje ya simu. Nyumba ndogo za wageni zisizo na safari zake hufurahi kupata ukurasa wa kuwapa wageni wao. Mpelekee mpokezi karatasi moja yenye saa za maji za wiki hiyo na namba yako chini.

Hatua ya 8: Pima, kisha rudi kurekebisha

Kama una tovuti, iunganishe na Google Search Console. Ni bure, na inakuonyesha kwa miezi 16 ya nyuma maneno gani watu waliandika mpaka wakakuona. Ukiona wanakuja kwa swali ambalo hukulijibu vizuri, umepata ukurasa unaofuata. Usikate tamaa mapema, ukurasa mpya huweza kuchukua wiki au miezi kabla haujaonekana. Aidha muulize kila anayelipa, "umetupata wapi?", uandike jibu kwenye daftari.

Weka siku za kupitia kurasa zako kwa kalenda ya hapa. Ukurasa wa Ramadhani uguse kila mwaka, kwani mwezi husogea nyuma siku 10 au 11. Wa michezo ya upepo Paje upitie kabla kusi haijaanza, karibu mwezi wa Juni, na tena kabla ya kaskazi ya Disemba. Ratiba za boti za Pemba zihakiki bandarini Malindi, halafu ubadilishe tarehe ya uhakiki iliyo juu ya ukurasa siku hiyo hiyo.