Revolva ya mashindano: usipumbazwe na triga laini

Ukipata revolva iliyofanyiwa marekebisho kwa ajili ya kulenga shabaha, usikimbilie kusifu wepesi wa triga. Mara nyingi fundi huupata kwa kulegeza springi ya nyundo, na nyundo ikigonga kinyonge fataki ya risasi haiwaki. Katikati ya mashindano hilo linauma kweli. Ijaribu uwanjani kwa risasi zilezile utakazoshindania, matundu yote ya silinda, ile ngoma inayozunguka yenye risasi. Kisha, ikiwa tupu, vuta nyundo polepole: silinda iwe imeshajifunga nyundo inapofika mwisho. Sheria zisome mapema. ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, kwa bastola za mita 25, hairuhusu triga inayovutika kwa uzito wa chini ya gramu 1000. Mpini nao ukuruhusu kuifikia triga bila kuhamisha kiganja.