Namna ya kuchunguza mikunga wa mito ya nchi za joto: wako wapi, na wamefikaje hapo

Mtafiti mpya akiambiwa akachunguze makazi ya mikunga, samaki warefu kama nyoka, mtoni, kwa kawaida hubeba rula ya kina, kipima kasi ya maji na fomu ndefu ya kuandika aina za mawe. Vyote vina kazi yake. Lakini swali la kwanza halihusu mawe. Mkunga wa jenasi ya Anguilla huzaliwa baharini, mbali na pwani. Buu wake, bapa na angavu, huchukuliwa na mikondo, na akikaribia nchi kavu hugeuka kuwa mkunga kioo: kiumbe chembamba ambacho mwanga hupenya mwilini mwake. Akiingia mtoni hupata rangi na kuishi humo miaka mingi. Mwishowe huvaa rangi ya fedha, hushuka tena baharini, huzaa mara moja, kisha hufa. Kwa hiyo mkunga unayemkuta bara, chini ya jiwe, alipanda mwenyewe kutoka chumvini. Kabla ya kuuliza anapenda nini, uliza ameweza kufika wapi. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na mpangilio huo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mkunga, kisha hakikisha ni yupi

Si kila samaki mrefu kama nyoka ni Anguilla. Mitoni Afrika na Asia kuna samaki wa jamii ya Mastacembelidae, wenye pua iliyochongoka na safu ya miiba mgongoni mbele ya pezi. Kwenye vinamasi kuna wa jamii ya Synbranchidae, ambao hawana mapezi ya kifuani, na mlangoni mwa mto huingia mikunga wa baharini wa miamba ambao nao hawana mapezi hayo. Anguilla anayo, ya mviringo, nyuma tu ya mashavu, na pezi lake la mgongoni, la mkia na la chini nyuma ya tundu la haja yameungana kuwa moja. Ukiwahoji wavuvi, nenda na picha. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba samaki watatu tofauti.

Kutenganisha spishi ni kazi ngumu kidogo. Magharibi mwa Bahari ya Hindi utakutana na nne (A. ni kifupi cha Anguilla): A. mossambica, A. marmorata, A. bengalensis (wa Afrika ni nususpishi labiata) na A. bicolor. Visiwa vya Pasifiki vina wengine, wakiwemo A. megastoma na A. obscura. Jambo la kutazama ni pezi la mgongoni linaanzia wapi. Pima kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa pezi la mgongoni, halafu kutoka pua hadi tundu la haja. Toa cha kwanza kwenye cha pili, gawa kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Mkunga wa milimita 500 mwenye vipimo vya 140 na 215 ana tofauti ya 75, yaani asilimia 15: huyo ni wa pezi refu. Kwa A. bicolor au A. obscura pezi huanza karibu juu ya tundu la haja, na jibu huwa dogo sana: hao ni wa pezi fupi.

Kisha tazama ngozi. A. marmorata na A. bengalensis wakikomaa wana mabaka, A. mossambica na A. bicolor wana rangi moja. Tahadhari: mikunga wadogo wa spishi zenye mabaka bado hawajayapata, kwa hiyo rangi haikusaidii kwa watoto. Kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye ethanoli, upeleke kwa kipimo cha DNA. Ukishindwa kumudu kipimo hicho kwa wote, fanya kwa wadogo na kwa wale ambao hesabu yao ya pezi iko katikati. Kuandika “Anguilla, spishi haijulikani” si aibu. Kukisia ndiyo aibu.

Hatua ya 2: Chora mto kuanzia mlangoni

Weka sifuri pale mto unapokutana na bahari, na upime umbali kwa kufuata mkondo, si kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Kwa kila kituo andika umbali huo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na mteremko. Vituo visigawanywe kwa umbali sawa. Karibu na bahari mambo hubadilika haraka (chumvi, mawimbi ya kupwa na kujaa, matope), hivyo huko vituo vikaribiane. Kadiri unavyopanda, viachanishe. Usisahau vijito vya kando, mabwawa ya mafuriko na mikoko, kwa sababu spishi za pezi fupi hupenda maji ya nyanda za chini, na ukifuata mkondo mkuu pekee utazipita.

Sasa vizuizi, na hapa usiwe na haraka. Tembea mto wote, au uliza watu kila kijiji, mpaka uwe na orodha ya maporomoko, mabanio ya umwagiliaji, makalavati na kuta za mabwawa. Kwa kila kimoja usiishie kwenye urefu. Mkunga mdogo, wa urefu usiozidi takriban sentimita 10, anaweza kupanda ukuta uliosimama wima ilmradi uwe na unyevu na mkwaruzo: mwili wake mwepesi hushikwa na utando wa maji. Akishakuwa mkubwa uzito humshinda. Kwa hiyo poromoko la mita 20 lenye kuvu na manyunyu pembeni linaweza kupitika, na kalavati lenye mdomo unaoning’inia sentimita 50 juu ya maji, pakavu chini yake, likafunga kijito kizima. Andika: kuna upande wenye unyevu mwaka mzima? Uso ni mwamba, zege laini au mimea? Kuna sehemu inayoinama kwa nje? Maji hupita juu wakati wa mafuriko? Piga picha majira yote mawili.

Kisha weka kituo kimoja chini tu ya kila kizuizi na kimoja juu yake. Jozi hizi zitakueleza mengi kuliko vituo kumi vilivyotawanywa. Chini ya kizuizi mikunga wadogo hurundikana. Usiseme wamechagua hapo. Wamekwama hapo.

Hatua ya 3: Panga majira

Spishi za maeneo ya baridi zina msimu mfupi wa kuingia mitoni. Za nchi za joto ni tofauti: kwa spishi kadhaa, A. bicolor akiwemo, mikunga kioo huingia karibu mwaka mzima, ingawa kuna miezi ya wingi. Basi safari moja ya kiangazi haitoshi. Nenda kiangazi maji yanapokuwa machache na mazuri kufanyia kazi, na urudi baada ya mvua. Kama lengo ni mikunga kioo, kaa mlangoni mwa mto usiku wa mwezi mwandamo, maji yanapojaa, ukiwa na taa na wavu wa mkono wenye matundu madogo.

Hatua ya 4: Chagua zana kwa kila aina ya maji

Mashine ya kuvulia samaki kwa umeme, ya kubeba mgongoni, ndiyo zana bora kwenye vijito vya mawe visivyozidi kina cha kiuno. Hufanya kazi kwa mkondo wa umeme usiogeuka, na utendaji wake hutegemea uwezo wa maji kuupitisha. Maji ya milimani yenye madini machache huupitisha kwa shida, na kwenye maji ya chumvi chumvi haifai kabisa. Pima uwezo huo kila kituo kabla ya kuwasha. Inahitaji kibali, mtu aliyefunzwa, buti na glavu za mpira, na kamwe usiitumie peke yako. Mkunga hachukuliwi haraka kama samaki wengine: hubaki ndani ya shimo, hutoa kichwa, hurudi. Simama mahali pamoja, mvute polepole, na mwenye wavu awe upande wa chini wa mkondo.

Kwenye vilindi, vinamasi na mlangoni mwa mto tumia nyavu za mtego zenye mbawa, au madema na migono yenye chambo. Tega kabla ya jua kuzama, tegua alfajiri, kwa kuwa mkunga hutembea usiku. Acha ncha ya wavu juu ya maji ili kasa au fisimaji akiingia apate hewa. Penye mamba, usiingie majini. Tegea kutoka kwenye mtumbwi au ukingo, au acha kituo hicho.

Kila zana huona mikunga wa ukubwa fulani. Matundu makubwa huwapoteza watoto, ndoana huchukua wakubwa, umeme hauwafikii walio vilindini. Kwa hiyo usilinganishe idadi ya wavu wa kilindini na ya umeme wa kijitoni kana kwamba ni kipimo kimoja. Ukiweza, tumia zana mbili kwenye vituo vichache vya kati upate daraja la kulinganisha. Sampuli za maji kwa ajili ya DNA ya mazingira (ile ambayo viumbe huiacha majini) ni nzuri kwa kujua kama spishi ipo mahali fulani upande wa juu, lakini hazikuambii ukubwa wala jiwe alilojificha.

Hatua ya 5: Pima alipo, na pima asipokuwepo

Mchana mkunga yuko mafichoni: chini ya jiwe, kwenye mizizi ya ukingo uliomomonyoka, ndani ya gogo, kwenye majani yaliyooza au matope. Kila unapomtoa mmoja, dondosha alama yenye namba papo hapo na uendelee. Ukisimama kupima utawatisha waliobaki. Ukimaliza kituo, rudi kwenye kila alama. Andika kina, kasi ya maji karibu na sakafu (kasi ya juu haimhusu aliye chini ya jiwe), kivuli, aina ya maficho na ukubwa wa mawe. Kwa mawe tumia mipaka inayotumika kote: mchanga ni chini ya milimita 2, changarawe 2 hadi 64, mawe ya kati 64 hadi 256, na yanayozidi hapo ni majabali. Kwa jabali, pima pia kama chini yake kuna uwazi. Jabali lililozama kwenye mchanga halimfichi mtu.

Sehemu inayosahaulika ni hii: chagua kwa bahati nasibu sehemu nyingine angalau za idadi hiyohiyo katika kituo hichohicho, na uzipime vilevile. Ukiwakuta mikunga wengi kwenye mawe ya kati, na kituo kizima ni mawe ya kati, hujagundua upendeleo wowote. Upendeleo ni tofauti kati ya kilichopo na kinachotumika.

Hatua ya 6: Mshike vizuri

Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji. Yayeyushe kwanza kwenye ethanoli, kisha tia kidogo kidogo kwenye ndoo mpaka mkunga alegee. Mpime kwenye mfereji wa plastiki uliolowanishwa, mikono ikiwa na maji ili ute wake usitoke. Urefu, uzito, vipimo viwili vya pezi, kipenyo cha jicho (macho makubwa na tumbo jeupe la fedha ni dalili ya safari ya baharini), kipande cha pezi. Baada ya hapo mtie kwenye ndoo ya maji safi yenye hewa, iliyofunikwa, kwa maana mkunga hutoka kwenye ndoo wazi bila kukuaga. Mrudishe alikotoka. Buti na nyavu zikaushwe au zisafishwe kwa dawa kabla ya kuhamia bonde jingine. Minyoo ya Anguillicola, inayoshambulia kibofu cha hewa cha mkunga, imeshahamishwa na binadamu kutoka bara hadi bara.

Hatua ya 7: Soma takwimu kwa makundi ya ukubwa

Usichore grafu hata moja kabla ya kugawa mikunga kwa urefu. Mkunga wa sentimita 12 anaishi kwenye changarawe na mawe ya maji ya kasi, akila mabuu ya wadudu. Wa sentimita 80 wa spishi hiyohiyo yuko kilindini, anakula kaa, kamba na samaki. Ukiwachanganya utapata wastani usiomwelezea yeyote.

Halafu chora idadi kwa umbali kutoka baharini, na urefu kwa umbali huohuo. Picha ya kawaida ni idadi kupungua na ukubwa kuongezeka kadiri unavyopanda. Ukiona idadi inashuka ghafla, rudi kwenye orodha ya vizuizi kabla ya kutafuta sababu kwenye joto au mawe. Na ukikuta juu ya bwawa mikunga wakubwa pekee, bila hata mdogo mmoja, yamkini hao walipita kabla ya ukuta kujengwa, au hupita wachache mno kwa mwaka. Wakiwa na rangi ya fedha watalazimika kushuka kupitia mitambo ya kuzalisha umeme, kama ipo, nayo huwaua hasa walio warefu.

Tofauti za spishi nazo zitajionyesha. A. bicolor hubaki kwenye mlango wa mto, maziwa ya pwani na vinamasi vya chini. A. marmorata, aliyeenea kuliko wote, kutoka Afrika Mashariki hadi Polinesia ya Ufaransa, utamkuta tangu maji ya chini hadi vijito vya milimani. Kwenye visiwa vya Pasifiki A. megastoma huelekea juu zaidi. Mlangoni mwa mto usidhani kila mkunga yuko njiani. Kemia ya mawe ya sikio (vijiwe vidogo vilivyo kichwani mwa samaki), uwiano wa strontiamu na kalsiamu, imeonyesha kwamba baadhi hawaingii maji baridi (yasiyo na chumvi) maisha yao yote, na wengine huenda na kurudi.

Sifuri zako, yaani vituo ambako hukumwona mkunga, zitazame kwa jicho kali. Ikiwa nafasi ya kumwona mkunga aliyepo ni 0.4 kwa ziara moja, ziara tatu bado zinaacha uwezekano wa 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani karibu 0.22, wa kumkosa kabisa. Rudia ziara kwenye vituo vyote, hata vile ulivyokwishampata, maana bila marudio huwezi kukadiria nafasi hiyo. Kwenye jedwali tenganisha “hakuonekana” na “hakutafutwa”; wengi huacha nafasi tupu kwa yote mawili.

Ukichapisha ramani, sehemu wanakoingia mikunga kioo zionyeshe kwa ukubwa wa bonde, bila alama kamili. Tangu mkunga wa Ulaya awekwe chini ya udhibiti wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) mwaka 2009, wanunuzi wa watoto wa kufuga wamegeukia spishi za nchi za joto, A. bicolor hasa. Alama kamili wape wanaosimamia mto huo, pamoja na orodha yako ya vizuizi, ikianza na kile cha chini kabisa karibu na bahari: kikifunguliwa hicho, ndipo vya juu yake vinapopata maana ya kushughulikiwa.