SOMO: Una betri ya moyo na umeandikiwa MRI? Soma kabla hujapanda gari

Ndugu zangu, mwezi huu nimeulizwa jambo hili mara tatu, nikaona niliandike mara moja. "Mama ana betri ya moyo, daktari wa mgongo kaandika MRI, tumefika mapokezi tumerudishwa. Tufanyeje?" Mimi ni mtaalamu wa mionzi, chumba cha sumaku ndicho ofisi yangu. Betri ya moyo ni kifaa kidogo kinachowekwa kifuani, chenye waya zinazoingia moyoni kuusaidia upige. MRI ni kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio.

Zamani jibu lilikuwa fupi: haiwezekani. Na lilikuwa na sababu. Sumaku ile huvuta chuma. Mawimbi ya redio huigeuza waya ya betri kuwa kama antena, ncha yake iliyojishikiza kwenye nyama ya moyo ikapata joto. La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi: kelele za umeme zinaweza kuidanganya betri, ikadhani moyo unajipigia wenyewe, ikanyamaza. Kwa mtu ambaye moyo wake hauendi bila betri, kimya cha sekunde chache ni kirefu mno.

Februari 2011 Marekani iliidhinisha betri ya kwanza iliyoundwa ili ihimili MRI, Revo ya kampuni ya Medtronic. Tangu hapo zimekuja nyingi. Lakini zinaruhusiwa kwa masharti, na somo lote linahusu masharti hayo.

Hatua ya 1: Tafuta kadi. Ukiwekewa betri unapewa kadi yenye jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe. Watu huifungia kabatini na hati ya kiwanja. Itoe, ipige picha, iweke kwenye simu yako na ya mtoto wako. Sisi hatuangalii betri peke yake, tunaangalia na waya. Betri ikiisha hubadilishwa, ila waya kwa kawaida huachwa zilezile. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na betri ya juzi juu ya waya za miaka kumi na tano, akaambiwa "yako ni mpya, haina shida". Ina shida. Waya zisipokuwa kwenye orodha ya kampuni, mfumo mzima unahesabiwa kuwa haujaruhusiwa.

Kadi imepotea? Rudi kliniki ya moyo, na ufanyiwe eksirei ya kifua. Itaonyesha hata waya iliyokatika, au iliyoachwa ndani bila kuunganishwa na chochote. Hiyo ya kuachwa ni mbaya, inaweza kupata joto kuliko iliyounganishwa.

Hatua ya 2: Sema. Mzee mmoja alijaza fomu yetu "hapana" kila mstari. Tulikiona kivimbe chini ya mfupa wa bega alipovua shati, mlangoni kabisa. "Mwanangu, ningesema mngenirudisha." Sumaku haizimwi mchana wala usiku, hata kama hakuna anayepimwa. Usifiche.

Hatua ya 3: Muulize daktari kama CT (picha za ndani kwa mionzi ya eksirei, bila sumaku) au ultrasaundi inatosha. Mara nyingine inatosha.

Hatua ya 4: Betri ipangwe upya kabla ya kuingia. Huku kwetu mambo hukwama hapa. Kila kampuni ina mashine yake ya kupanga betri, na haiongei na betri ya kampuni nyingine. Unaweza kukuta MRI iko hospitali hii, mashine ya kupangia iko mji mwingine. Ulizia kwa simu kabla ya kulipa nauli. Mwenye kutegemea betri huwekwa kwenye mpigo usiosikiliza chochote, ili kelele zisiidanganye. Mwenye kifaa cha kushtua moyo (nacho huwekwa kifuani kama betri, hutoa mshtuko wa umeme moyo ukienda vibaya) huzimiwa ule mshtuko, usije ukampiga akiwa ndani.

Hatua ya 5: Ndani. Mapigo na oksijeni vinatazamwa muda wote, mashine ya kushtua moyo iko nje ya mlango, na yupo mtu anayejua kuitumia. Ukihisi joto kifuani au kizunguzungu, bonyeza kengele. Usijikaze.

Hatua ya 6: Usiondoke kabla betri haijarudishwa ilivyokuwa. Kifaa cha kushtua kilichosahaulika kimezimwa ni pambo tu kifuani. Uliza wazi: "Mmeshanirudishia?"

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuhura: Shikamoo mtaalamu. Betri ya mume wangu ni ya zamani, haimo kwenye orodha. Ndiyo basi?

Marahaba mama. Siyo lazima. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa MagnaSafe wa Marekani: vipimo 1,500 kwa mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kifua hakikupigwa picha, wote wakiwa na vifaa visivyoruhusiwa. Hakuna aliyefariki wala waya iliyoharibika. Kifaa kimoja cha kushtua kiligoma kusomeka, kikabadilishwa. Na hicho hakikuwa kimepangwa ipasavyo kabla. Waliokuwa na waya zilizoachwa hawakuhusishwa. Kwa hiyo inawezekana, ila penye wataalamu wa moyo waliozoea kazi hiyo.

Kijana wa Kimara: Mashine ya Tesla 3 si ndiyo bora zaidi?

Kwa picha, mara nyingi ndiyo. Kwa betri, fuata maelezo ya kampuni. Yakisema 1.5 ni 1.5. Hata zile mashine ndogo zenye sumaku ya nguvu pungufu, kama hazikutajwa usizihesabu kuwa salama.

Baba Juma: Mimi sina betri, niliwekewa stenti.

Stenti, kile kibomba kidogo kinachoshikilia mshipa wa damu uwe wazi, haina waya wala umeme kama betri, Baba Juma. Zinazotumika sasa kwa kawaida hupimwa bila tatizo. Ila itaje, tuiandike.

Mjukuu wa Bibi: Bibi kawekewa betri wiki tatu zilizopita na sasa anaumwa kichwa vibaya.

Kawaida tunasubiri wiki sita waya zishike vizuri. Lakini maumivu makali ya kichwa kwa bibi hayasubiri. Mpeleke leo, waanze na CT, na uende na kadi.